Kubadilishana visu vya kufua mwenyewe: kura, wawili wawili au kwa ngazi?

Mwezi wa saba kijana mmoja wa Tukuyu alinipigia simu. Wako sita, wote wanafua visu kwa kupenda tu, jioni na Jumamosi: mmoja mwalimu, mmoja anachomelea mageti, mmoja dereva, waliobaki wakulima. Wanataka kila mtu atengeneze kisu kimoja, kisha wabadilishane. Shida yao ni kwamba wawili kati yao mkono umeshakomaa, mmoja yuko katikati, na watatu hawajamaliza hata kisu cha tano. "Kaka, tukibadilishana kiholela wakubwa watanuna. Tukiwatenga wadogo hawatakuja tena. Tufanyeje?"

Nilimjibu, lakini jibu la simu halikuniridhisha mwenyewe. Hapa Mbeya nimeshiriki kubadilishana visu kwa njia tatu: kwa kura, kwa wawili wawili, na kwa kupanga watu kulingana na ngazi ya ufundi. Kila njia ina watu wake. Nitazilinganisha jinsi nilivyozipitia, na ninayoipenda sitaificha.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kisu si kikapu, ambacho ukikishika tu unaona kama kimesukwa vizuri. Kisu kinaweza kung'aa kama kioo na kumbe ni chuma laini kisichokaa na makali hata kwa kumenya viazi vya mlo mmoja. Kingine kina alama za nyundo ubapa mzima na mpini mnene kama mchi, lakini kinakata mwaka mzima kwa kupitishwa kwenye jiwe tu. Sehemu kubwa ya ubora wa kisu imo ndani ya chuma, kwenye moto kilioupata, na jicho halifiki huko. Kwa hiyo ukichagua njia ya kubadilishana, unaamua pia nani abebe hasara ya kile kisichoonekana.

Kura

Anayeujua mchezo wa mtaani, au upatu, hahitaji kufundishwa kura. Majina yanaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa, vinatiwa kwenye kofia, kila mtu anachomoa kimoja. Kisu cha uliyemchomoa ndicho chako. Ukichomoa jina lako mwenyewe unalirudisha. Ikiwa wewe ndiye wa mwisho, unabadilishana na aliyechomoa kabla yako. Tofauti na upatu, hapa hakuna kusubiri zamu: wote wanatoa na wote wanapokea siku hiyo hiyo. Watengenezaji wa visu wa Marekani wana utaratibu huu huu, nao wanauita kisu ndani ya kofia.

Mara ya pili niliposhiriki nilikuwa nimetengeneza visu vinne maishani. Kura ikanipa kisu cha mzee mmoja wa Mbalizi, aliyefua majembe na mapanga tangu ujana wake. Kilikuwa kisu kidogo cha jikoni, ubapa wa shubiri moja, mpini wa mbuni uliong'olewa kwenye shamba la kahawa huko Mbozi. Nilikaa nacho jioni nzima. Nilikishika kwa vidole viwili pale ubapa unapokutana na mpini, kikatulia, hakikulalia mbele wala nyuma. Nikakigeuza nikautazama mgongo: karibu na mpini ulikuwa na unene wa milimita tatu hivi, ukawa unapungua taratibu hadi nchani, kama jani la muhindi. Vyangu vyote vinne vilikuwa na unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na sikuwa nimejua kwamba hilo ni kosa. Kona za mgongo, pale kidole cha shahada kinapokandamiza, zilikuwa zimeondolewa kwa msasa. Vichwa vya misumari ya mpini, ukipitisha kucha juu yake, huisikii hata kidogo. Nilikuwa nimeelezwa habari za kupunguza unene mara nyingi, na nilikuwa nikiitikia. Nilielewa siku hiyo, kisu kikiwa mkononi.

Huo ndio uzuri wa kura, na sijauona kwenye njia nyingine yoyote. Mwanagenzi anarudi nyumbani na kazi ya fundi, anaitumia, anainoa, anaipima na yake.

Na mzee alipata nini? Alipata kisu cha kijana ambaye hicho kilikuwa chake cha tatu. Baada ya wiki chache mpini ukaanza kucheza, kwa sababu kijana alisugua chuma kikang'aa kote, hata pale pa kubandika mpini, akategemea gundi peke yake. Gundi haishiki kwenye chuma laini kama kioo. Mzee aliung'oa mpini, akaukwaruza mkia wa chuma kwa msasa mbaya ili gundi ipate pa kuuma, akatoboa matundu mawili, akapiga ribiti. Kisha akamwita kijana aone, ndipo akakirudisha jikoni kwake. Sasa anakitumia.

Si kila fundi ana moyo huo, na wala si haki kumdai mtu awe nao. Fundi aliyetumia Jumamosi nne kwenye kisu kimoja, akaondoka na kisu kilichopinda kama upinde, hatasema kitu. Ataaga vizuri, atashukuru, na safari ijayo hutamwona. Nimeona kundi likififia hivyo hivyo, bila ugomvi wowote. Kwa hiyo kura tupu, isiyo na masharti, siishauri. Masharti yake nitayataja mbele.

Wawili wawili

Hapa watu wawili wanakubaliana: wewe nitengenezee hiki, nami nitakutengenezea kile. Kwa nyanda zetu hizi ni desturi ya zamani sana. Wakinga wa milima ya Makete walifua majembe na mikuki wakayashusha Unyakyusa kubadilisha na chakula. Kila upande ulijua unachohitaji na mwenzake anacho nini.

Nguvu ya njia hii ni kwamba kisu kinatengenezwa kwa ajili ya mkono fulani na kazi fulani. Mwenzangu wa Iringa alitaka kisu cha kuchunia mbuzi. Alinichorea kiganja chake kwenye karatasi ya daftari, akaweka alama pale kidole kidogo kinapoishia, akanieleza kwamba anachuna ameinama na kisu kimeelekea kwake. Ukiwa na maelezo kama hayo unajua mara moja: ubapa mfupi wenye tumbo, ncha isiyochoma ngozi, mpini usioteleza ukiwa na mafuta. Kwenye kura hujui kisu kitaangukia kwa nani, kwa hiyo kila mtu anatengeneza kisu cha katikati, cha jikoni, cha kumfaa yeyote. Kinafaa, ndiyo, lakini hakimkai mtu kama nguo iliyopimwa.

Inafaa pia kwa watu walio mbalimbali. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita mia tatu, na si rahisi kukutanisha watu kumi kwa ajili ya kofia. Kisu kinapanda basi kama mzigo. Kifunge ubapa kwa kadibodi nzito iliyozungushiwa tepu, ncha uiwekee kizibo cha chupa au kipande cha mti, na ofisi ya mizigo uwaambie wazi kuwa ndani mna kisu, maana kuna mtu atakayetia mkono kwenye buti bila kujua.

Ubaya wake nimeuonja. Niliwahi kumtumia mtu kisu mwezi wa kumi na moja, nikangoja chake hadi Pasaka. Kila nikipiga simu kilikuwa "kiko kwenye mpini". Kwenye kura, aliyechelewa anaona aibu mbele ya wenzake wanane na tarehe inamsukuma. Wawili wawili hakuna shahidi. Tena watu hujichagulia wa kiwango chao. Fundi anamtafuta fundi mwenzake, na mwanagenzi anabaki na mwanagenzi mwenzake, wakipeana makosa yale yale.

Ukichagua njia hii, fanyeni mambo mawili. Visu vitumwe wiki moja, hata kama cha mmoja kilimalizika mapema. Na yule mwenye mkono mzuri zaidi asiombe kitu kinachomshinda mwenzake. Kumwomba mtu wa kisu cha tatu akufulie kisu kirefu cha kuchinjia ng'ombe ni kumtakia kushindwa, kwa sababu ubapa mrefu hupinda unapochovywa moto kwenye mafuta ili ugumu, hata kwa wazoefu.

Kwa ngazi

Wakubwa kwa wakubwa, wadogo kwa wadogo. Kwa macho ya haraka ndiyo haki yenyewe: kila mtu anapata kinacholingana na alichotoa. Nimeshiriki mara moja, kwenye ngazi ya kati, na nilipata kisu kizuri. Lakini niliwatazama wale wa ngazi ya chini wakibadilishana visu vyenye kasoro zile zile, na hakuna aliyekuwa na cha kumwonyesha mwenzake. Isitoshe, nani anapanga ngazi? Kuna kijana alifua vizuri kuliko wote ila mipini yake ilikuwa mibaya; akawekwa chini. Siipendekezi njia hii, isipokuwa kwa mafundi wanaouza visu, ambao kisu kimoja kwao ni mapato ya wiki.

Masharti yanayoiokoa kura

Ukiniuliza njia moja kwa kundi lenye mchanganyiko kama la Tukuyu, nitasema kura, kwa sharti kwamba mnapunguza hasara ya fundi bila kumtenga mwanagenzi. Hilo linawezekana kwa kuanza na chuma kimoja na kumaliza na meza ya majaribio.

Chuma kimoja maana yake ni springi moja ya gari, ikatwe vipande, kila mtu achukue chake. Wengi hupenda tupa kuukuu kwa sababu tayari ni nyembamba na haihitaji kufuliwa sana. Nazilinganisha hivi. Tupa nzuri ina kaboni, ile inayokiwezesha chuma kuwa kigumu, karibu asilimia moja au zaidi; inashika makali makali sana, lakini inasamehe kidogo. Ukiipasha kupita kiasi au ukaacha meno yake ubavuni, inapasuka kwenye mafuta, mara nyingi kwa mlio mdogo, tik, ambao ukiusikia mara moja hutausahau. Na tupa za bei rahisi nyingine zina ugumu wa ngozi ya juu tu; ukishasaga ngozi hiyo, ndani ni chuma cha kawaida, na utachovya hadi kesho bila kukifanya kigumu. Springi ina kaboni asilimia 0.6 hivi. Haifiki ukali wa tupa bora, lakini ni ngumu kuivunja na inamvumilia anayejifunza. Kwa kubadilishana mimi nachagua springi bila kusita, na nachagua ya pikapu kuliko ya lori: ya lori ina unene wa sentimita moja au zaidi, na mwanagenzi asiye na msaidizi wa kupiga nyundo atamaliza mkaa na nguvu kabla hajaona umbo la kisu.

(Kuhusu fuawe, kile chuma cha kufulia juu yake: wengi wanatafuta kipande cha reli. Reli ya TAZARA si chuma chakavu, na kipande kisicho na karatasi halali ni mali ya wizi. Kichwa cha nyundo kubwa kilichozamishwa kwenye gogo kinatosha kabisa kwa visu vidogo.)

Chuma kikiwa kimoja, maelekezo ya moto yanakuwa mamoja, na hapo ndipo wakubwa wanapoweza kuwasaidia wadogo kabla ya kura badala ya kuwanunia baada yake. Sisi tunachovya visu vyote siku moja, uwanja mmoja, mkaa mmoja. Kila mtu anashika koleo lake mwenyewe; mzoefu anasimama pembeni. Chuma kinapashwa hadi sumaku isikivute tena, ambapo ni kama nyuzi 770 za Selsiasi, kisha kinaongezwa moto kidogo zaidi, wekundu unaoanza kuelekea rangi ya chungwa, ndipo kinazamishwa. Fanyeni jioni au chini ya paa. Juani rangi ya chuma inadanganya na mtu anakipasha kupita kiasi.

Mafuta tunatumia ya alizeti, na yanapashwa kwanza hadi kidole hakiwezi kukaa ndani, nyuzi 50 au 60. Wengine hushangaa mafuta ya kupoza kupashwa moto. Mafuta ya baridi ni mazito, hayazunguki haraka kwenye chuma, kwa hiyo yanapoza polepole kuliko ya uvuguvugu. Juni na Julai huku kwetu, asubuhi ya Uyole, dumu la alizeti lililolala nje ni zito kama uji, na ya mawese ya Kyela ndiyo yanaganda kabisa. Msimu mmoja visu vitatu vya kwanza havikushika ugumu na tukaulaumu mkaa. Kosa lilikuwa kwenye dumu.

Kisu kikitoka hapo ni kigumu lakini ni kikavu kama glasi. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Siku hiyo hiyo kinaingia kwenye jiko la kuokea, nyuzi 200, saa mbili, kinapoa, kinarudi saa mbili nyingine. Sehemu iliyosafishwa ikipata rangi ya majani makavu mmefika. Ikifika bluu mmepitiliza, makali hayatakaa.

Meza ya majaribio

Chama cha American Bladesmith Society cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1976, kina mtihani maarufu kwa anayetaka kupanda daraja: kisu kikate kamba inayoning'inia kwa pigo moja, kikatekate ubao bila makali kuharibika, kisha kiweze bado kunyoa nywele za mkono, na mwisho kibanwe kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika. Watu wakisikia habari hiyo wanataka kuuleta mtihani mzima kwenye kofia. Haiwezekani, kwa sababu kisu kilichopindwa hivyo si zawadi tena. Kule kisu cha mtihani kinatengenezwa kikijulikana kuwa kitaharibiwa.

Sisi tunatumia majaribio yasiyoacha jeraha. La kwanza: tupa mpya inapitishwa kwenye makali kabla ya kusaga kwa mwisho, ikiteleza bila kuuma, kisu kimekuwa kigumu. La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Chukua kijiti cha shaba ya njano, unene wa kalamu, kilaze mezani kimebanwa. Laza makali ya kisu kilichonolewa juu yake kwa mwinamo mdogo, kandamiza kidogo, sogeza. Kwenye mwanga utaona makali yakibonyea juu ya shaba. Yakirudi yalivyokuwa, kisu kimepata moto wake sawasawa. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakimeguka, ni makavu mno. Dakika moja tu, na mwenye kisu anaona kwa macho yake. Hakuna anayehitaji kumhukumu. La tatu ni la jikoni: nyanya mbivu, na mita moja ya kamba ya katani ikatwe vipande vidogo vidogo, kisha nyanya tena.

Kisu kisichopita hakiingii kwenye kofia. Mwenyewe hafukuzwi. Anapewa mwezi mmoja akirekebishe, kwa kuwa chuma laini kinaweza kuchovywa upya na kikavu kinaweza kurudishwa kwenye jiko. Hapo kwanza tulikuwa tukifanya majaribio siku ile ile ya kura, ikawa mateso kwa walioshindwa mbele za watu. Siku hizi tunafanya wiki nne kabla, kimya kimya, wawili au watatu mezani.

Kwa namna hii fundi anajua hatapata kitu kibaya kabisa. Anaweza kupata mpini uliokaa upande, au ala ya ngozi iliyoshonwa kwa uzi wa viatu. Hilo mafundi wengi wanalivumilia vizuri, mradi chuma ni cha kweli.

Kwa hiyo mkiwa watano hadi kumi na wawili na mnaweza kukutana, chagueni kura yenye springi moja na meza ya majaribio. Mkiwa wawili au watatu, au mmetawanyika Mafinga, Njombe na Sumbawanga, nendeni wawili wawili na mchorane viganja. Zaidi ya kumi na wawili mkaa na siku havitoshi kuchovya pamoja; gawanyikeni makundi mawili, lakini kila kundi liwe na wakubwa na wadogo.

Wale sita wa Tukuyu wamechagua kura. Kisu cha shubiri moja, cha jikoni, mpini wa mti wowote mgumu wa kwao, na yule anayechomelea mageti ndiye atakayekata springi. Nimewaomba kitu kimoja kabla ya moto wowote. Springi iliyobeba mizigo barabara ya Kyela miaka na miaka huweza kuwa na ufa usioonekana. Wavipake vile vipande sita mafuta ya taa, waviache nusu saa, wavifute vikauke, kisha wavipake vumbi la chaki la mwalimu. Penye ufa mafuta yatatoka tena na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, na kipande hicho wakiweke kando.